Kwa Anayeelekea KCMC: Mwongozo wa Chuo cha Utabibu Chini ya Kilimanjaro

Ikiwa wewe ni kijana uliyemaliza kidato cha sita katika fizikia, kemia na bayolojia, na moyo wako umeelekea utabibu, au ikiwa u mzazi ambaye mwanao amekuletea jina la KCMC (Kilimanjaro Christian Medical Centre), nawe hulijui ila kwa habari za wagonjwa waliokimbizwa huko usiku wa manane, basi maneno haya yameandikwa kwa ajili yako, nayo yatajaribu kukuonyesha chuo hicho kama kilivyo, njia ya kukiingia, gharama zake na maisha yake, bila kukipamba kwa sifa kisichokuwa nazo wala kukinyima ile iliyo haki yake.

Jambo la kwanza ulishike kabla ya yote, maana mengine yote hutoka humo: hapa hospitali ndiyo iliyozaa chuo. Vyuo vikuu vingi huanza na madarasa, maktaba na mahafali, kisha vikaenda kubisha hodi hospitalini kuomba wagonjwa wa kufundishia. Lakini katika kitongoji hiki cha kaskazini ya mji wa Moshi wagonjwa walitangulia, wauguzi wakafuata, karakana zikafunguliwa, na ilipokwisha kupita robo ya karne ndipo wakaja wanafunzi wa shahada. Anayekwenda KCMC akitafuta kwanza uzuri wa majengo na fahari ya majoho huenda akarudi amevunjika moyo, ilhali anayekwenda akitafuta mahali pa kuona maradhi na kujifunza kuyatibu chini ya mikono ya watu wanaoyatibu kila siku hatapata mahali pengi katika nchi yetu panapozidi hapo.

Asili yake ni ndefu kidogo. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, na wenzao wa Kikatoliki walikuwa wamekwisha kutia mguu Kilema, na tangu hapo dini, shule na dawa zilipanda mlima pamoja. Kahawa nayo ikaleta fedha, na chama cha wakulima, KNCU, kilichoandikishwa mwaka 1933, kikawafundisha wenyeji wa vihamba, yaani mashamba ya nyumbani, kwamba shilingi moja moja ikikusanywa na wengi yaweza kujenga kitu ambacho tajiri mmoja hakiwezi. Makanisa ya Kilutheri yalipoungana mwaka 1963 kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Moshi ilikuwa tayari na watu waliozoea kuamini hospitali na shule, na Shirika la Msamaria Mwema likaasisiwa kwa madhumuni ya kujenga hospitali kubwa ambayo ingepokea wale walioshindikana katika hospitali ndogo za misheni na za serikali. Fedha zilitafutwa ndani na ng'ambo, na milango ya KCMC ikafunguliwa mwezi Machi mwaka 1971. Leo ndiyo hospitali ya rufaa ya kanda ya kaskazini, yenye vitanda zaidi ya 600, na wagonjwa wake hutoka Kilimanjaro, Arusha, Manyara, Tanga na hata mbali ya hapo.

Zamani hizo kijana wa Tanganyika aliyetaka kuwa daktari alikwenda Makerere, na baada ya mwaka 1963 alikwenda shule ya utabibu ya Dar es Salaam, ile iliyokuja kuwa Muhimbili, na kwa muda mrefu hapakuwa na mlango mwingine ndani ya nchi. Vyuo vikuu vya binafsi havikuruhusiwa mpaka miaka ya 1990. Kanisa lilipoanzisha Chuo Kikuu cha Tumaini mwaka 1997, tawi lake la Moshi likawa chuo cha utabibu, na kwa hiyo KCMC ni miongoni mwa vyuo vya binafsi vya mwanzo kabisa kufundisha madaktari katika Tanzania. Kwa miaka mingi kiliitwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Tiba cha Kikristo Kilimanjaro, chini ya Tumaini Makumira. Siku hizi kinajulikana kama Chuo Kikuu cha KCMC. Usibabaike basi ukiona vyeti vya watu wawili waliosoma chuo kimoja vina majina mbalimbali.

Ukifika kutazama, usiridhike kuonyeshwa jengo la utawala. Omba kuonyeshwa TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Wajerumani. Hapo utaona plasta ya Parisi ikizungushwa juu ya kigutu cha mguu, ikikauka, ikivuliwa na kumiminiwa ndani yake uji mweupe utakaogeuka kuwa sanamu ya kigutu kile. Sanamu hiyo huchongwa kwa tupa, hapa ikipunguzwa, pale ikiongezwa, kwa sababu mfupa mmoja haustahimili kubanwa na msuli mwingine hautaki kulegezewa. Kisha bamba la plastiki huingizwa katika tanuri mpaka lilegee, likafunikwa juu ya sanamu lingali moto. Mwisho wake ni mtu mzima, dereva wa lori labda, aliyesimama kati ya vyuma viwili sambamba, akiutazama mguu mpya kwa mashaka, na mwanafunzi amepiga magoti mbele yake na ufunguo mkononi akigeuza parafujo robo mzunguko ili kisigino kikanyage sawasawa. Vijana kutoka nchi nyingi za Afrika wamekuja kusoma kazi hiyo Moshi, ilhali watoto wengi wa Moshi yenyewe hawajui kuwa ipo. Nasema hivi kwa makusudi, kwa kuwa kila mwaka wapo wanaokosa nafasi ya udaktari wakarudi nyumbani wakilia, nao wangeweza kuwa mafundi wa hali ya juu wa viungo bandia, wataalamu wa fiziotherapia, wa macho au wa maabara, kazi ambazo nchi ina njaa nazo kuliko tunavyokiri.

Jirani na hapo kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda, kilichofunguliwa mwaka 1992 chini ya tabibu Mjerumani Henning Grossmann. Huwachukua maafisa tabibu na wauguzi ambao wamekwisha kufanya kazi vijijini, huwafundisha maradhi ya ngozi na ya zinaa kwa miaka miwili, kisha huwarudisha kwao, katika wilaya ambazo daktari bingwa wa ngozi hajapata kukanyaga. Ndicho pia kinachotengeneza Kilisun, mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino na jua, kazi iliyoanzishwa pamoja na mfamasia wa Kihispania Mafalda Soto Valdés. Mafuta yatokayo ng'ambo ni ghali, nayo hayakufikiria mtu anayelima juani tangu asubuhi hadi alasiri. Haya yamepikwa kwa ajili yake, nayo hugawiwa pamoja na kofia pana na uchunguzi wa saratani ya ngozi. Mimi naona kituo hiki kidogo ni hoja ya kutosha ya kuwapo kwa chuo kizima.

Hoja nyingine ni ya utafiti. Kati ya mwaka 2007 na 2008 watafiti wa KCMC na wenzao wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi, yaani KCMC yenyewe na hospitali ya mkoa ya Mawenzi. Wagonjwa 528, sawa na asilimia 60.7, walikuwa wamehesabiwa na matabibu kuwa wana malaria. Vipimo vilipokwisha kufanywa kwa uangalifu, malaria ilionekana kuwa ndiyo sababu ya homa kwa wagonjwa 14 tu, asilimia 1.6. Miongoni mwa waliobaki yalionekana mambo mengine: vijidudu katika damu, homa za kupe, leptospira ya mkojo wa panya na mifugo, homa ya Q, na ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao ng'ombe humwambukiza mtu kwa maziwa mabichi au kwa kumzalisha ng'ombe bila kinga. Yeyote anayekijua kihamba, ambamo zizi, jiko na migomba hukaa ukuta kwa ukuta, hatastaajabu sana. Lakini sisi sote, pamoja na matabibu wetu, tulikwisha kuzoea kwamba homa ni malaria na malaria ni homa. Mwanafunzi anayesoma mahali ambapo kosa kama hilo lilipimwa, likahesabiwa na kutangazwa mbele ya ulimwengu mwaka 2013, ana bahati, kwa sababu atafundishwa kuishuku kalamu yake mwenyewe kabla haijaandika jina la ugonjwa.

Sasa natuje kwenye njia ya kuingia. Shahada ya udaktari wa binadamu huchukua miaka mitano, na baada yake mwaka mmoja wa utarajali, ambapo kijana hufanya kazi chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kwa ukamilifu na Baraza la Madaktari la Tanganyika. Sifa ya chini iliyowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa alama D au zaidi katika kila moja ya masomo ya fizikia, kemia na bayolojia, jumla isipungue pointi 6. Tafadhali lisome neno "chini" kama lilivyo. Waombaji ni wengi na viti ni vichache, na mwenye D tatu ana haki ya kuomba, si haki ya kupata. Basi katika fomu yako weka na kozi nyingine ambayo ungeisoma kwa moyo mkunjufu. Mwenye stashahada ya utabibu aliyekwisha kufanya kazi naye ana mlango wake, na sifa zake zimeandikwa katika kitabu cha mwongozo cha Tume ambacho hutolewa upya kila mwaka na kupatikana bure katika tovuti yake. Kitabu hicho ndicho cha kuamini. Dini si sharti, ingawa chuo ni cha kanisa na ibada zake utazikuta.

Maombi hupelekwa chuoni moja kwa moja kwa njia ya mtandao, kwa awamu, na aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo anachokitaka kwa namba ya siri anayotumiwa katika simu. Hapa ndipo vijana wengi wanapoteleza, nami naomba wazazi wanisikilize. Matokeo ya kidato cha sita hutoka wakati ambapo watoto wengi wako kambini katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, simu zao zimezimwa au zimeachwa nyumbani, na dirisha la kuthibitisha halimngojei mtu. Kwa hiyo kabla mtoto hajaondoka, mkae pamoja, mkubaliane vyuo na kozi kwa mpangilio, aache nakala za vyeti, nywila na laini ya simu kwa mtu mmoja mwaminifu ambaye anajua kusoma ujumbe na kuujibu siku hiyo hiyo. Shangazi anayeweka laini ndani ya kabati ili isipotee amewapotezea nafasi wengi. Na akija mtu kukwambia kuwa yuko mtu wake "ndani" atakayekupatia nafasi kwa kiasi fulani cha fedha, mwambie asante na mfunge mlango. Hana mtu, na fedha hizo hutaziona tena.

Kuhusu gharama, sitataja tarakimu, maana hubadilika na karatasi ya mwaka jana itakudanganya. Ila ada ya udaktari katika chuo cha binafsi huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi kwa mwaka, nawe sharti uizidishe kwa miaka mitano, kisha ujumlishe malazi, chakula, vitabu, koti jeupe, bima ya afya na nauli. Omba karatasi ya ada yenye mchanganuo, uisome mstari kwa mstari, uulize ni kiasi gani kinatakiwa kabla ya usajili na kiasi gani kinaweza kulipwa kwa awamu. Bodi ya Mikopo huwakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya binafsi, lakini mkopo hupimwa kwa uwezo wa familia, na aghalabu hauifikii ada yote ya chuo cha namna hii. Pengo lile ndilo linalowatoa watu chuoni katika mwaka wa pili au wa tatu, si ugumu wa masomo. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe mapema na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na vyeti vya vifo vya wazazi kwa yatima vivyo hivyo, kwa kuwa maombi yenye kasoro ndogo hukaa pembeni. Tena mjue kwamba mkopo ni deni: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni limalizike. Familia nyingi za mlimani hufanya harambee, na ukoo mzima ukamsomesha mtoto mmoja. Ni desturi njema, ila hesabu zake ziandikwe, maana ahadi ya mwaka wa kwanza husahauliwa mwaka wa nne.

Maisha ya Moshi si magumu kwa mwenye kiasi. Chuo kina hosteli, lakini hazitoshi wote, na wengi hupanga vyumba Longuo, Rau na mitaa mingine ya karibu, au hushuka mjini na kupanda kwa daladala au bodaboda kupitia barabara za miti mikubwa za Shanty Town. Ukipanga chumba, kitazame baada ya mvua kunyesha, uulize habari za maji, na usilipe mwaka mzima kabla hujalala hapo mwezi mmoja. Mtori, machalari na kiburu utavipata kwa mama ntilie kwa bei ambayo fedha ya kujikimu, ile wanafunzi wanayoiita bumu, inaweza kuistahimili kama hukuimaliza wiki ya kwanza. Mtu wa pwani aje na sweta, au alinunue katika mitumba ya Kiboriloni. Mwezi Juni na Julai mawingu hulala juu ya mji, kilele cha Kibo hakionekani kwa siku nyingi, na baridi ya alfajiri unapokwenda wodini huingia mpaka katika mifupa.

Masomo yenyewe yana kishindo chake. Miaka ya mwanzo ni ya anatomia, fiziolojia na wenzao, na ndipo wengi hukutana na sapu, yaani mtihani wa marudio, kwa mara ya kwanza, na wachache na kudisko, yaani kuondolewa masomoni kwa kufeli. Kijana aliyekuwa wa kwanza shuleni kwao hukuta darasa zima lilikuwa la kwanza. Dawa ya hofu hiyo ni kusoma kidogo kila siku pamoja na wenzako wawili watatu, wala si kukesha wiki ya mtihani. Ukishaingia wodini mambo hugeuka. Utasomeshwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, lakini bibi wa Rombo aliyelala mbele yako hatakwambia kwa Kiingereza. Atakwambia ana vichomi, tumbo linamkata, moyo unamwenda mbio, miguu inakufa ganzi, na pengine atakwambia hayo kwa Kichaga na binti yake akafasiri. Mwamkie kwanza. "Shikamoo bibi," kisha useme jina lako na kwamba u mwanafunzi, umwombe ruhusa ya kumgusa, uvute pazia. Vijana kadha wa kadha hujua majina ya mishipa yote ya mkono, nao hawajui kuuomba mkono wenyewe, na mgonjwa aliyeshikwa bila salamu huficha nusu ya habari zake.

Hadhari moja zaidi juu ya wodi: KCMC ni hospitali ya rufaa, na mgonjwa anayefika hapo mara nyingi amekwisha kupita zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, na ugonjwa wake umekomaa. Utaona maradhi adimu mengi, nawe waweza kusahau kikohozi na kuhara vya kawaida vitakavyokungoja siku utakapopangiwa kituo Simanjiro au Kilindi. Kwa hiyo likizo na mafunzo ya nje usiyafanye mzaha; nenda Machame, Kibosho, Huruma ya Rombo, au hospitali yoyote ya wilaya yenu, ukae mapokezi, utazame wanaokuja kwa miguu.

Kama utabibu si wako lakini Moshi umeipenda, mji una vyuo vingine. Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza mwaka 1963 kama Chuo cha Ushirika, ni cha umma, nacho chafaa kwa hesabu, biashara na ushirika. Mwenge ni cha Kanisa Katoliki, nacho kina jina katika kuwafunza walimu, hasa wa sayansi. Vyote viwili vyastahili makala yao.

Ukishapata barua ya kuitwa, panga safari mapema. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam huondoka kituo cha Magufuli, Mbezi, na treni ya abiria ya kwenda Moshi, iliyorudi mwezi Desemba 2019 baada ya kulala miaka mingi, ni ya polepole lakini ni rahisi kwa mwenye masanduku. Fika siku mbili kabla ya usajili. Leta vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita pamoja na nakala zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari na kugongwa muhuri, stakabadhi ya benki ya ada, picha ndogo za kutosha, na barua yenyewe. Ukilipa benki, lipa katika akaunti iliyoandikwa katika barua hiyo na si katika namba ya simu ya mtu yeyote, na stakabadhi usimwachie karani ila nakala.